Filamu ya mazimwi mwezi wa Desemba: 2D, 3D au safari ya Nairobi?

Swali limetoka kwa kijana wa Chumbageni, Tanga. Nalifupisha: "Shikamoo mzee. Mimi na mdogo wangu wa kidato cha pili tunaisubiri filamu ya fantasia inayotoka Desemba, iliyotokana na vitabu tulivyovisoma mpaka majalada yakachanika. Akiba tumeweka. Trela inasema itaonyeshwa kwa 2D (picha bapa ya kawaida), 3D (picha yenye kina, ya kuvaa miwani) na IMAX (skrini kubwa sana), na nimesikia huenda ikawa na fremu, yaani picha moja moja, 48 kwa sekunde. Mdogo wangu anavaa miwani ya macho. Rafiki zangu wanasema nisipoiona kwa IMAX Nairobi nitakuwa sijaiona. Wengine wanasema 3D ya Dar inatosha. Twende wapi, na tukate tiketi ya mfumo gani?"

Marahaba, mwanangu. Jina la filamu nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu swali lako ni la wengi na kila mwaka linarudi na filamu nyingine. Jibu langu ni hili: mara ya kwanza itazameni kwa 2D, kwenye ukumbi wenye picha angavu na sauti safi, mkiwa mmekaa katikati. Kama akiba itabaki, mara ya pili mjaribu hiyo 3D. Nairobi ni safari nzuri, lakini kuna jambo moja la kuhakikisha kabla hamjaifunga, nami nitalieleza. Usiniamini tu kwa kuwa nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha projekta. Zisikilize sababu.

Sababu kubwa ni mwanga. Filamu za fantasia zimejaa giza: mapango, misitu minene, ngome zinazomulikwa kwa mienge, vita vya usiku. Hadithi yako, kama ninavyoijua, nusu yake hutendeka mahali pasipo jua. Sasa, kiwango cha kimataifa cha mwanga kwenye sinema ya dijitali kwa 2D ni kandela (kipimo cha mwanga) 48 kwa kila mita ya mraba, zikipimwa katikati ya skrini. Mwongozaji na mtu anayerekebisha rangi hukaa kwenye chumba chenye kiwango hicho hicho wakiamua kivuli hiki kiwe kizito kiasi gani, na jicho la joka lionekane kwa mbali kiasi gani. Ukiitazama filamu kwa mwanga huo, unaona walichoamua.

Kwenye 3D hali ni nyingine. Katika kumbi nyingi projekta ni moja, nayo inapaswa kulisha macho mawili kwa zamu: picha ya jicho la kushoto, picha ya jicho la kulia, mara 144 kwa sekunde. Kwa hiyo kila jicho linakaa gizani nusu ya muda. Kisha mwanga unapita kwenye kichujio kilicho mbele ya lenzi, ambacho kinakula sehemu yake, halafu unapita tena kwenye miwani uliyovaa, nayo inakula yake. Kinachofika kwenye jicho mara nyingi ni kama theluthi moja tu ya mwanga wa 2D. Ndiyo maana filamu ya 3D hutengenezewa nakala yake, rangi zikiwa zimerekebishwa kwa ajili ya mwanga huo mdogo. Fundi hodari hufanya vizuri, lakini hawezi kurudisha mwanga ambao haupo.

Wewe ni mtu wa Tanga, Mapango ya Amboni unayajua. Ukiingia na tochi ambayo betri zake zimechoka, utaona kuwa ukuta upo na njia ipo. Lakini yale maumbo ya mawe ambayo mwongoza wageni anakuonyesha kwa kidole utayakosa, utabaki unaitikia tu. Hivyo ndivyo 3D hafifu inavyomfanyia mtazamaji kwenye tukio la pangoni. Anafuata hadithi, ila kazi ya mikono ya mamia ya watu waliochora, kushona na kuchonga ule ulimwengu inampita.

Kuna na suala la skrini yenyewe, ambalo watu hawalizungumzii. Mfumo wa 3D unaotumia miwani ile ya plastiki nyepesi unahitaji skrini ya rangi ya fedha, kwa kuwa skrini nyeupe ya kawaida inavuruga mpangilio wa mwanga ambao miwani inautegemea. Skrini ya fedha inarudisha mwanga mwingi kwa aliyekaa katikati na kumpunja aliye pembeni. Ukumbi huo huo ukionyesha 2D, skrini ni ile ile, na doa angavu katikati linaweza kubaki. Ndiyo maana nimesema mkae katikati, iwe 2D iwe 3D. Kiti cha ukutani kwenye skrini ya fedha ni hasara hata kama tiketi ni ya bei moja. Tena, zipo kumbi zinazosahau kuondoa lenzi ya 3D wakati wa kuonyesha 2D. Kwa aina fulani ya projekta, ukigeuka nyuma kutazama dirisha la chumba cha mashine utaona miale miwili, mmoja juu ya mwingine. Ukiiona hiyo kwenye onyesho la 2D, inuka, mwombe mhudumu kwa adabu amwambie fundi. Ni kazi ya dakika chache, na ni haki yako.

Sitaki udhani naichukia 3D. Ipo 3D ninayoiheshimu sana: ile iliyopigwa kwa kamera mbili tangu mwanzo, mwongozaji akiwaza kina cha picha katika kila tukio. Filamu za The Hobbit za Peter Jackson, zilizotoka 2012, 2013 na 2014, zilipigwa hivyo, kamera mbili zikifungwa pamoja kwenye fremu yenye kioo ili kila moja iwe jicho moja. Lakini filamu nyingi zinazotangazwa kuwa 3D hupigwa kwa kamera ya kawaida, kisha kompyuta na mafundi hukata kila picha vipande na kuvisogeza mbele na nyuma. Kazi hiyo ikipewa muda hutoka vizuri. Ikiharakishwa ni balaa: mwaka 2010 Clash of the Titans ilibadilishwa kuwa 3D kwa wiki chache tu, na watazamaji wakalalamika dunia nzima kwamba watu wanaonekana kama karatasi zilizosimamishwa. Mwaka huo huo studio iliyokuwa na sehemu ya kwanza ya Harry Potter and the Deathly Hallows ilifuta toleo la 3D kwa kuwa lisingekamilika kwa ubora uliotakiwa. Naisifu studio kwa uamuzi ule mpaka leo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia 3D, tafuta mahojiano ya mwongozaji au ya mpiga picha mkuu. Mtu aliyepiga kwa kamera mbili hakosi kulisema, kwa sababu ni kazi ngumu na anajivunia. Wakikaa kimya kuhusu 3D huku wakisifia mavazi, mandhari na muziki, chukulia kwamba 3D ilikuja mwishoni, na 2D ndiyo filamu waliyokuwa wakiitazama kila siku kazini.

Upande wa mdogo wako, miwani ya 3D huvaliwa juu ya miwani ya macho, na kwa saa mbili na nusu au tatu inabana pua na masikio. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kama macho yake yanatofautiana sana nguvu, maana kina cha 3D hujengwa na ubongo kutoka macho yote mawili. Jicho moja likiwa dhaifu mno, ataona picha ya giza isiyo na kina, na kichwa kitamuuma. Akienda kupimwa miwani mara nyingine, mwulize mtaalamu wa macho swali hilo hilo: macho yake yanafanya kazi pamoja? Pale pale atawajibu.

Sasa fremu. Sinema ya kawaida huonyesha fremu 24 kwa sekunde. Kasi hiyo ilikubalika mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zenye sauti zilipoingia. Kabla ya hapo kasi ilikuwa ikipanda na kushuka, lakini sauti iliyochapwa pembeni mwa utepe ilihitaji mwendo usiobadilika, na 24 ilitosha kwa sauti kusikika vizuri bila kumaliza utepe wa gharama kubwa. Tangu hapo macho yetu yamezoea ule ukungu mdogo wa mkono unaopita au upanga unaozungushwa. Tumekuja kuuona kama sura ya sinema yenyewe.

Mwaka 2012 The Hobbit ya kwanza ilionyeshwa kwenye baadhi ya kumbi kwa fremu 48. Faida ilikuwa ya kweli: kamera ikipita haraka juu ya milima, picha hairuki, na kwenye 3D macho yanapumzika. Hasara nayo ilikuwa ya kweli. Kila kitu kilionekana wazi mno. Watu wengi waliona jukwaa, wakaona ndevu za bandia, wakasema inafanana na kipindi cha televisheni. Kwenye filamu ya vita labda mtu angesamehe. Fantasia inaishi kwa wewe kukubali kwamba mji ule upo na mfalme yule ni mfalme, na uwazi wa namna ile unakuvuta kila mara umtazame mwigizaji. Avatar: The Way of Water ya 2022 ilikuja na busara zaidi, ikatumia fremu 48 kwenye baadhi ya matukio tu na kuyaacha mengine na sura ya 24. Hapo nilianza kuamini kwamba jambo hili lina mustakabali.

Huna haja ya kusafiri ili ujue kama utapenda. Televisheni nyingi mpya zina mpangilio unaolainisha mwendo kwa kutunga fremu za katikati. Siyo kitu kile kile, lakini hisia zinakaribiana. Uwashe, tazameni robo saa ya filamu mnayoijua vizuri, kisha uzime. Mkiona imependeza, fremu 48 zitawafaa. Mkiona kama mnatazama tamthilia ya mchana, mmepata jibu bila kutoa nauli. Na tafadhali uache umezimwa baada ya hapo.

IMAX. Hapa rafiki zako wana ukweli nusu. IMAX yenyewe ilizaliwa Kanada, na filamu yake ya kwanza ilionyeshwa Osaka, Japani, mwaka 1970. Ilikuwa ni utepe wa milimita 70 unaopita kwa ubavu, kila fremu ikichukua matundu 15 ya ukingoni mwa utepe, skrini ndefu kwenda juu kama ukuta wa ghorofa. Kumbi zinazoonyesha utepe huo leo ni chache sana duniani. Nyingi zenye jina hilo, pamoja na ule wa Nairobi, ni za dijitali. Skrini yake ni kubwa, sauti ina nguvu, mwanga unasimamiwa vizuri kuliko kumbi nyingi. Hayo ni mambo mazuri na sitayadharau.

Lakini umbo la picha ndilo jambo la kuhakikisha. Filamu nyingi kubwa za fantasia hupigwa kwa picha pana sana, upana ukiwa mara 2.39 ya kimo. Skrini nyingi za IMAX ya dijitali zina uwiano wa 1.90. Kama filamu yako haikutengenezewa toleo refu, basi Nairobi utaona picha ile ile ya Dar, kubwa zaidi, ikiwa na mistari myeusi juu na chini. Kama ilitengenezewa, utaona karibu robo zaidi ya picha katika matukio hayo: anga juu ya ngome, bonde lililo chini ya joka. Watengenezaji wakifanya hivyo hutangaza kwa sauti kubwa, kwa kuwa ndicho wanachouza. Subirini tangazo hilo. Likija, nendeni Nairobi: vukeni mpaka wa Horohoro, mfike Mombasa, mpande treni ya SGR, na nitafurahi kusikia mlichokiona. Lisipokuja, pesa hiyo ya nauli na malazi inaweza kuwapeleka sinema mara kadhaa karibu zaidi.

Usihangaike na 4K dhidi ya 2K, yaani wingi wa nukta zinazojenga picha. Filamu zilizojaa picha za kompyuta mara nyingi hukamilishwa kwa 2K hata kama kamera ilipiga zaidi ya hapo, na kutoka safu za katikati tofauti ni ndogo mno ukilinganisha na tofauti ya taa nzima na taa iliyochoka. Sauti, hiyo ihangaikie. Mfumo wa Dolby Atmos ulioanza 2012 unaweza kupeleka sauti moja mahali pamoja ukumbini, hata darini, na kwenye hadithi yenye viumbe wanaoruka juu ya vichwa vya watu hilo lina maana kubwa kuliko 3D. Ukumbi ukiwa nao, ongeza alama. Kaeni kama theluthi mbili nyuma kutoka kwenye skrini, maana spika hupimwa na kusawazishwa kutokea hapo.

Tukirudi kwenye safari. Watu wa Tanga mna bahati ambayo hamwitumii. Dar ni kama kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze. Mombasa iko karibu kwa nusu ya safari hiyo au kidogo zaidi, na kutoka Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami. Nyali, huko Mombasa, kuna sinema ya kisasa. Mkiwa na ndugu wa kulala kwake Mombasa, mimi ningeanza huko. Mkiwa na shangazi Kinondoni au Sinza, Dar inashinda, kwa sababu kumbi ni zaidi ya moja na mnaweza kuchagua. Popote mtakapokwenda, msipange kurudi usiku ule ule. Filamu yenye urefu wa saa tatu iliyoanza jioni itawatoa mabasi yameshaondoka, na mtakuwa mnatazama saa badala ya skrini.

Pigeni simu ukumbini siku mbili tatu kabla. Ulizeni onyesho la 2D lipo chumba kipi na saa ngapi, kwa maana wiki ya kwanza kumbi hupenda kuipa 3D chumba kikubwa na kuitupa 2D kwenye kile kidogo. Ulizeni projekta ni ya leza au ya taa. Ya leza inashika mwanga wake kwa muda mrefu zaidi, ya taa inategemea taa ina umri gani. Mpokea simu asipojua, mwombe amwulize fundi. Mafundi wa sinema hawaulizwi kitu mwaka mzima, wakiulizwa hufurahi na kusema kweli.

Je, siku ya kwanza? Mimi nasema hapana kwenu ninyi wawili. Ijumaa ya kwanza ukumbi hujaa, simu zinawaka, watu wanashangilia, nanyi mmesoma kitabu na mnataka kusikia kila neno. Tena filamu itakuwa kwa Kiingereza, na wazee wa hadithi hizo huzungumza Kiingereza cha kale kwa sauti nzito. Jumatatu au Jumanne mchana ya wiki ya kwanza au ya pili ndiyo siku yenu. Mdogo wako atakuwa ameshamaliza upimaji wa kidato cha pili na shule zimefungwa. Ila msingoje hadi wiki ya tatu, maana filamu nyingine zikiingia, yenu itahamishiwa chumba kidogo au itaondolewa kabisa.

Kuhusu kungoja kwenyewe, nina ombi. Acheni trela. Ya kwanza mmeiona, ya pili itazameni mara moja mkitaka, kisha basi. Trela za mwisho huonyesha sura ya zimwi na mapigano ya mwisho, kwa sababu zinamtafuta mtu ambaye bado hajaamua kwenda. Ninyi mmeshaamua. Kila picha kubwa mnayoiona leo kwenye kioo cha simu ni picha moja mnayoiondolea ugeni wake ukumbini. Kitabu chenyewe kisomeni tena sasa hivi, mapema, kwa raha, kisha mkiweke kando miezi miwili mitatu. Mtu anayemaliza kitabu usiku wa kuamkia filamu huingia ukumbini kama mkaguzi, anahesabu kilichoachwa, na filamu humpita. Jioni mkikosa la kufanya, mwambie mdogo wako akusimulie sura moja kwa Kiswahili, kwa maneno yake, paukwa pakawa kama bibi zetu walivyofanya. Atakuwa anajenga picha zake kabla ya kuona za mwongozaji, na majina yale magumu atayatambua yakitajwa kwa Kiingereza.

La mwisho ni la karatasi, na msilicheleweshe. Kama ni Mombasa au Nairobi, kitambulisho cha taifa hakitoshi kwa Mtanzania kuvuka Horohoro. Mnahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ichukueni pia. Mdogo wako bado ni mtoto kisheria, kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi kwa maandishi viwe mkononi. Nendeni ofisi ya Uhamiaji Tanga mwezi wa Oktoba, kabla foleni ya wasafiri wa likizo haijaanza, mkaulize kinachotakiwa kwa umri wake. Tiketi ya sinema kateni baada ya hapo.